UZI: Santuri ya muziki wa Chinatown (1974). Tarumbeta tunaisifia sana, ila uovu wenyewe umo kwenye zile piano nne

Sindano ya Almasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Humu ndani filamu za uhalifu tumezichambua mpaka mifupa: waigizaji, waongozaji, miisho iliyotuudhi na iliyotukosesha usingizi. Muziki wake huwa unaambulia sentensi moja tu, "na muziki nao mkali", kisha tunaendelea na mengine. Leo naomba tukae na muziki peke yake, tena wa filamu moja, tena kwenye santuri. Uzi utakuwa mrefu, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kuusoma kwa vipande.

Nazungumzia Chinatown ya Roman Polanski, iliyotoka Juni 1974. Mtunzi wa muziki ni Jerry Goldsmith, na santuri ilitolewa na ABC Records mwaka huohuo. Nakala yangu ni ya mtumba. Jalada limechoka pembeni, lakini sahani yenyewe ni safi na inapiga bila kuruka.

Kwa asiyeijua hadithi: tuko Los Angeles, mwaka 1937, wakati wa ukame. Mpelelezi binafsi J. J. Gittes, au Jake, ambaye ni Jack Nicholson, anakodiwa kwa kazi ndogo ya kumfuatilia mume anayedaiwa kutoka nje ya ndoa. Mume huyo ni mhandisi mkuu wa maji wa jiji. Kadiri Gittes anavyofuatilia, anakuta kuna watu wanamwaga maji baharini usiku huku wakulima wanakauka, na ardhi ya wakulima hao inanunuliwa kwa bei ya kutupa kwa majina ya wazee wasiojua lolote. Nyuma ya yote yupo mzee tajiri, Noah Cross, ambaye ni John Huston. Nyuma ya mambo ya maji kuna jambo lingine baya zaidi ndani ya familia yake, na hilo sitalitaja. Aliyeiona anajua.

Simulizi hii haikuzuka hewani. Los Angeles kweli ilijijenga kwa maji ya kuvuta kutoka mbali. Mfereji wa kutoka bonde la Owens ulifunguliwa mwaka 1913 na una urefu wa kilomita 375 hivi, na wakulima wa bonde lile walibaki na uchungu wao. Mwandishi Robert Towne alihamishia ugomvi ule kwenye miaka ya 1930, akapata Oscar ya mswada. Kati ya Oscar 11 ambazo filamu ilipendekezwa, ni hiyo moja tu iliyorudi nayo nyumbani.

Sasa tuingie kwenye muziki.

Filamu ilikuwa imeshatiwa muziki na mtu mwingine, Phillip Lambro. Kazi ikarekodiwa na kuwekwa kwenye picha, na watazamaji wa majaribio wakaonyeshwa. Hawakuipenda. Mtunzi mkongwe Bronisław Kaper, aliyealikwa na Polanski, alisema filamu ni nzuri sana lakini muziki ubadilishwe. Mzalishaji Robert Evans akamwita Goldsmith, muda uliobaki ukiwa siku 10. Siku 10 za kuandika muziki wa filamu ya saa mbili na dakika 11!

Goldsmith alikuwa mtoto wa Los Angeles hasa, kazaliwa hapo mwaka 1929. Na hakuwa mgeni wa vyombo vya ajabu. Kwenye Planet of the Apes, mwaka 1968, aligongesha mabakuli ya chuma ya jikoni katikati ya okestra. Kwenye Patton, mwaka 1970, tarumbeta zilipigwa zikarudi kwa mwangwi hadi zinafifia. Kwa hiyo alipopewa Chinatown hakuitisha okestra kubwa ya kawaida. Aliomba tarumbeta moja, piano nne, vinubi vinne, wapigaji wawili wa vyombo vya kugonga, na kundi la fidla na jamii yake. Basi. Hakuna filimbi, wala klarineti, wala pembe. Ukiwa na siku 10 ungetegemea mtu akimbilie njia iliyozoeleka. Yeye alichagua kundi ambalo halifanani na kundi la filamu yoyote niliyoisikia.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ukisoma popote kuhusu muziki huu utakuta tarumbeta, tarumbeta, tarumbeta. Ni kweli, lile tarumbeta ni zuri na huzuni yake haina mpinzani. Lakini tarumbeta ni la Gittes na Evelyn, mke wa yule mhandisi. Ni la wanaoumizwa. Wanaoumiza, wale wanaoiba maji na kununua ardhi kwa majina ya wazee, hawana wimbo. Wao wamepewa piano. Na piano zenyewe mara nyingi hazipigwi kwa vidole kwenye vibonye. Wapigaji wanaingiza mikono ndani ya sanduku, wanakwaruza nyuzi, wanazichuna, wanazigonga.

Jaribuni kuusikiliza mwanzo wa kipande cha kwanza, kabla tarumbeta halijaingia. Kuna mkwaruzo unaopanda kutoka chini, nyuzi za piano na vinubi pamoja, haueleweki ni wimbo au ni kitu kinavutwa sakafuni. Unachukua sekunde chache tu. Halafu fidla zinatandaza sauti laini, tarumbeta linaanza kuimba, na sote tunasahau ule mkwaruzo. Goldsmith ameshatuambia kila kitu hapo. Ubaya umefika kabla ya mapenzi, na utakuwepo chini yake muda wote.

Kitu cha kiufundi ambacho kwangu kina uzito: ukikanyaga pedali ya piano, nyuzi zote zinaachiwa huru. Ukichuna uzi mmoja, nyingine zinaitikia zenyewe bila kuguswa. Zidisha kwa piano nne. Ndiyo maana baada ya kila mguso kuna ukungu wa sauti unaobaki hewani, na sikio linahangaika kutafuta umetoka wapi. Kwa hadithi ya mpelelezi anayegusa jambo moja na mengine kumi yanatikisika gizani, sijui kama kuna chombo kingine ambacho kingefaa zaidi.

Muziki wote unaosikika kwenye filamu ni kama dakika 23, ndani ya dakika 131. Fikirieni. Filamu za uhalifu za siku hizi zina mngurumo wa chini kuanzia nembo ya kampuni mpaka majina ya mwisho, na mtazamaji anaelekezwa aogope wapi. Hapa Gittes anatembea kwenye jua, anauliza maswali ofisini, anapekua makaratasi, na hakuna muziki. Ukija, unajua kuna kitu.

Naweka kituo hapo. Mwenye swali, mwenye kupinga, karibu.

Mtaa wa Saba

Siti ya mbele nimeshakaa mkuu. Uzi wa maana huu.

Swali langu. Huo muziki upo kwenye simu, naufungua hapa sasa hivi. Kwa nini mtu ahangaike na sahani, sindano na vumbi? Naomba jibu la haki, siyo lile la "sauti ya santuri ina roho".

Sindano ya Almasi

Mkuu, swali zuri, na la roho nalikwepa kabisa. Muziki ni uleule. Kuna CD ya Varèse Sarabande ya mwaka 1995 na nyingine ya Intrada ya mwaka 2016, zote halali. Ila kuna sababu mbili za kuupendelea kwenye sahani.

Ya kwanza ni ya kipimo. Sahani ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 30 na inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Mwendo wa mzunguko haubadiliki, lakini kila mzunguko wa mfuo (ule mchirizi ambamo sindano inapita) unazidi kuwa mfupi kadiri unavyoelekea katikati. Kule pembeni sindano inapita kama sentimita 51 za mfuo kwa sekunde. Karibu na lebo inapita kama 21 tu. Maana yake sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndiyo sababu nyimbo za mwisho za upande, hasa zenye sauti kali ya juu, huwa zinakwaruza. Na sauti kali ya juu ni nini kama siyo tarumbeta?

Sasa albamu hii nzima ni kama nusu saa, dakika 15 hivi kila upande. Ni fupi. Upande wa dakika 25 lazima mifuo ibanane na isogee mpaka karibu na lebo. Upande wa dakika 15 unampa fundi anayechonga sahani nafasi ya kutanua mifuo na kusimama mapema. Kipande cha mwisho cha upande wa pili ni ule wimbo mkuu unaofunga filamu, na kwenye nakala yangu tarumbeta linatoka safi mpaka pumzi ya mwisho. Albamu nyingi nzuri kuliko hii zimeharibiwa na urefu wake.

Ya pili ni mpangilio. Kwenye simu watu wanachagua wimbo mkuu, wanausikia, wanaondoka. Kwenye sahani unakutana na vipande 12 kwa mpangilio ule waliouchagua wenyewe mwaka 1974, na kipande cha pili kabisa kinaitwa "Noah Cross". Yaani tarumbeta limetoka tu kukubembeleza, hapohapo piano zinanguruma chini na unakutanishwa na mzee mwenyewe. Ukiruka hicho umeikosa albamu.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, nimekusoma kwa makini na kwa heshima naomba nikupinge.

Umelitoa tarumbeta kwenye kiti chake bila haki. Piano zako zinatisha, sawa. Lakini kutisha ni kazi rahisi. Filamu ngapi zinatisha na kesho yake tumezisahau? Chinatown inauma kwa sababu tunajali. Na tunajali kwa sababu ya ile sauti moja ya Uan Rasey. Huyu bwana alikuwa tarumbeta la kwanza la okestra ya studio ya filamu ya MGM tangu mwaka 1949. Alipiga kwenye An American in Paris, akapiga kwenye Singin' in the Rain. Mtu aliyepuliza furaha ya Hollywood miaka yote hiyo ndiye aliyeitwa kupuliza hii. Mwenyewe alisimulia kwamba Arthur Morton, aliyekuwa akipanga sauti za okestra kwa ajili ya Goldsmith, alimwelekeza apige kwa mahaba, lakini mahaba yasiyo na raha. Sikiliza kipande cha "Jake and Evelyn" uniambie kama hakufika pale alipotumwa.

Tena niongeze. Bila tarumbeta, hizo piano zako zingekuwa kelele za filamu ya mazimwi.

Sindano ya Almasi

Mama, shikamoo, na asante kwa mchango mzito. Hiyo simulizi ya Morton naipenda sana, na kwa kweli inanisaidia mimi.

Mahaba yasiyo na raha: raha imeondolewa na nini? Rasey anapiga wimbo ambao ungeweza kuwa wa mapenzi matamu kabisa. Noti zake ni tamu. Kinachozuia utamu ni kile kilicho chini yake. Fidla zinashika sauti zisizotulia, kinubi kinadondosha tone hapa na pale, piano inaingilia. Mpe Rasey wimbo uleule juu ya okestra ya kawaida ya mapenzi, utapata wimbo wa kuchezea taratibu hotelini. Kwa hiyo sijalitoa kwenye kiti. Nasema kiti chenyewe kimewekwa ndani ya nyumba yenye watu wabaya, na watu hao wana sauti yao ambayo hatuizungumzii.

Kuhusu mazimwi nakubaliana nawe kwa sharti moja. Sikiliza "The Boy on a Horse". Gittes yuko kwenye mto mkavu, anakutana na mtoto juu ya farasi anayemweleza habari za maji. Hakuna zimwi pale. Kuna jua, mchanga na mtoto. Muziki ni mikwaruzo mikavu na matone ya kinubi, unasikia ukame na maji kwa wakati mmoja. Hilo haliwezekani kwa tarumbeta.

Bi Mkubwa wa Tanga

Nimekusikia. Bado nabaki upande wangu, ila "The Boy on a Horse" nitairudia usiku huu nikiwa nimetulia.

Kijana wa Makupa

Salaam ndugu zangu, naandika kutoka Mombasa.

Nimeipata albamu na nimechanganyikiwa kidogo. Katikati kuna nyimbo za zamani za dansi ambazo hazifanani kabisa na zile zingine. Hizo nazo ni za Goldsmith? Mbona zinakata mtiririko?

Sindano ya Almasi

Karibu sana ndugu yangu wa Mombasa. Siyo zake. Ziko tatu na ni za enzi yenyewe inayosimuliwa: "Easy Living" ya Ralph Rainger na Leo Robin, "The Way You Look Tonight" ya Jerome Kern na Dorothy Fields, iliyopata Oscar ya wimbo bora wa mwaka 1936, na "I Can't Get Started", ambayo Bunny Berigan ndiye aliyeupa jina kwa rekodi yake ya mwaka 1937.

Wengi wanaziruka. Mimi nakuomba usiiruke ya Berigan, kwa sababu ni tarumbeta. Unasikia tarumbeta la 1937 lenyewe, linajiamini, linapanda juu kwa madaha, limejaa jasho la ukumbi wa dansi. Kisha unamrudia Rasey wa 1974 na unagundua kitu kikubwa: Goldsmith hakuiga muziki wa 1937. Picha tayari ilikuwa na magari ya 1937, kofia za 1937, suti za 1937. Angeongeza na muziki wa 1937, tungekuwa tunatazama makumbusho. Badala yake akachukua chombo kimoja cha enzi ile, tarumbeta, akakiweka katikati ya sauti za kisasa kabisa ambazo mwaka 1937 ukumbi wa sinema ungetoka mbio. Ndiyo maana filamu haijazeeka.

Kwa hiyo naona zile nyimbo hazikati mtiririko. Zinakuonyesha njia ambayo mtunzi aliikataa.

Mtaa wa Saba

Hii ya Berigan imeniingia. Nimesikiliza zote mbili mfululizo. Yule wa zamani anajua kesho ipo. Huyu wa pili anapiga kama mtu aliyeshaambiwa matokeo.

fundi_redio

Wakuu, mimi mambo ya filamu siyajui sana, nimevutwa na sahani. Naona vijana wengi wananunua mashine za santuri halafu wanalalamika. Juzi kijana kaniletea yake, anasema sauti ni nyembamba, haina besi, na lazima afungue spika mpaka mwisho. Amechomeka moja kwa moja kwenye tundu la redio.

Sikilizeni vizuri. Wakati wa kukata sahani, sauti za chini zinapunguzwa makusudi na za juu zinaongezwa. Besi ikikatwa kwa nguvu zake zote, mfuo ungeyumba mpaka ukaingiliana na jirani yake. Wakati wa kupiga, lazima kuwe na kifaa kinachorudisha besi juu na kushusha zile za juu, tena kikuze ishara ya sindano ambayo ni dhaifu mno. Amplifaya za zamani zilikuwa na tundu lake lililoandikwa "phono". Nyingi za leo hazina. Baadhi ya mashine zina kifaa hicho ndani, kuna swichi nyuma. Kama hakuna, nunua kile kiboksi kidogo cha kuweka katikati.

Kwa huo muziki wa piano za chini mnaousifia, ukiukosa mgongo huo wa besi hujasikia kitu.

Sindano ya Almasi

Fundi, Mungu akuweke. Hilo lingehitaji uzi wake.

Niongeze moja kuhusu uzito wa sindano. Vichwa vingi vya sindano vinataka mgandamizo wa gramu 1.5 hadi 2 hivi, na mtengenezaji ameandika kwenye karatasi. Zile mashine ndogo za sanduku la mkononi, zenye kichwa cha bei rahisi, zinakandamiza mpaka karibu gramu 5. Zinapiga, lakini zinakula mfuo. Kwenye sahani yenye ukimya mwingi kama hii, kila mkwaruzo utausikia katikati ya tone la kinubi. Na uzito ukiwa mdogo kupita kiasi nao ni hatari, kwa sababu sindano inarukaruka ndani ya mfuo na kuuchubua.

Nyota Alfajiri

Habari za usiku. Naomba niulize kitu nje kidogo ya mada. Marehemu bibi yetu ametuachia santuri za taarabu, nzito, nyeusi, zinavunjika kama sahani ya udongo. Zina vumbi la miaka. Nimeona watu wanasafisha kwa spiriti. Nitumie?

fundi_redio

USITUMIE SPIRITI dada yangu. Hizo nzito zinazovunjika ni za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, na zimetengenezwa kwa utomvu uitwao shelaki. Spiriti inauyeyusha. Utafuta sauti ya bibi kwa mkono wako mwenyewe. Tumia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, au yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, tone moja la sabuni laini, kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, futa kwa kufuata mzunguko na usilowanishe lebo. Kausha hapohapo.

Na sindano ya santuri za kawaida usiziwekee. Mfuo wa 78 ni mpana zaidi, unataka sindano yake.

Bi Mkubwa wa Tanga

Binti, zitunze kwa roho yako yote. Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi, na sauti yake ilirudi pwani kwenye sahani za namna hiyohiyo. Andika majina yaliyo kwenye lebo kabla hayajafutika, na ukipenda tuwekee hapa tukusaidie kuyasoma.

Sindano ya Almasi

Sahihi kabisa. Na kwa sisi wa pwani, hizi za kisasa za plastiki nazo zina adui wawili: joto na unyevu. Sahani ikilala au ikiegemezwa ovyo kwenye joto, inapinda. Isimamishe wima, iegemee vizuri, mbali na dirisha la jua. Unyevu unaota ukungu kwenye karatasi ya ndani, na ukungu unahamia kwenye mfuo. Mfuko wa ndani wa karatasi ukianza kuwa na madoa, ubadilishe.

Turudi Los Angeles.

Kijana wa Makupa

Mwalimu, filamu hii ilishinda Oscar ya muziki? Kwa maelezo yako ilistahili.

Sindano ya Almasi

Haikushinda. Kwenye tuzo za Aprili 1975 muziki wa Chinatown ulishindana na The Godfather Part II, Murder on the Orient Express, Shanks na The Towering Inferno. Nino Rota na Carmine Coppola wakachukua kwa The Godfather Part II. Mwaka ule ulikuwa na ushindani wa kweli, na muziki wa Rota naupenda. Lakini nikiambiwa nichague leo, nampa Goldsmith bila kusita. Rota aliendeleza lugha ambayo alishaianza kwenye filamu ya kwanza. Goldsmith alianza kutoka sifuri na siku 10. Mwaka 2005 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilitoa orodha ya miziki 25 bora ya filamu za Kimarekani, na Chinatown ilikuwa ya tisa.

Yeye mwenyewe alipendekezwa mara 18 maishani na kushinda mara moja tu, kwa The Omen ya mwaka 1976. Miongoni mwa walioshindwa safari hiyo ni mtunzi Bernard Herrmann, tena mara mbili kwa mpigo, kwa Taxi Driver na Obsession. Herrmann alimaliza kurekodi Taxi Driver tarehe 23 Desemba 1975, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 24. Hakuiona filamu ikitoka.

Mtaa wa Saba

Taxi Driver nayo ni saksofoni moja inayolia juu ya kitu kizito. Naanza kuona undugu.

Sindano ya Almasi

Undugu upo na tofauti ipo. Kwa Herrmann saksofoni na ule mlio mzito wa vyombo vya shaba na ngoma ni mtu mmoja, ni kichwa cha dereva yuleyule kikiwa na hali mbili. Kwa Goldsmith tarumbeta na piano ni watu tofauti, na wa piano ndio wenye mji.

Bi Mkubwa wa Tanga

Nimerudi. Nimeisikiliza "The Boy on a Horse" mara kadhaa, taa nimezima. Kuna pale katikati mikwaruzo inakuja halafu inanyamaza kabisa kabla ya kinubi. Nilikuwa nangojea tarumbeta lije liniokoe. Sibadili msimamo kuhusu Rasey, ila sasa naelewa kwa nini ninamhitaji.

Sindano ya Almasi

Mama, hapo umesema kitu ambacho mimi nimekizunguka kwa aya kumi.

Nyota Alfajiri

Asanteni sana kwa ushauri wa santuri za bibi. Nitaleta orodha ya lebo kwenye uzi mpya. Na mimi nimeshawishika na hii Chinatown. Nianzie wapi, filamu au muziki? Na baada ya hapo nisikilize nini?

Sindano ya Almasi

Anza na filamu, dada, bila kusoma chochote zaidi ya uliyosoma hapa. Siku nyingine sikiliza albamu nzima bila picha, upande wa kwanza, pumzika, upande wa pili. Fungua sauti ya kutosha uzisikie piano za chini lakini tarumbeta lisikuume masikio.

Baada ya hapo nenda L.A. Confidential ya mwaka 1997. Ni Goldsmith tena, Los Angeles tena, uhalifu na polisi wa miaka ya 1950, na tarumbeta tena. Miaka 23 imepita, mzee ana mkono mzito zaidi na ngoma zinasukuma kwa haraka. Kisha Basic Instinct ya mwaka 1992, ambako alimpa mwanamke hatari wimbo wa fidla na vyombo vya kupuliza unaojizungusha bila kutua. Mwendelezo wa Chinatown wenyewe, The Two Jakes wa mwaka 1990, muziki wake ni wa Van Dyke Parks, kwa hiyo usiende kule ukimtafuta Goldsmith.

Na kwa anayetaka kuona kilichokataliwa: muziki wa Lambro ulitolewa mwaka 2012 na Perseverance Records kwa jina la "Los Angeles, 1937", na sehemu yake ilibaki kwenye trela ya filamu. Itazameni trela halafu dakika mbili za mwanzo wa filamu, mfululizo. Mkimaliza mniambie kama Kaper alikuwa sahihi. Mimi nasema alikuwa sahihi, lakini Lambro hakuwa mtunzi mbovu, na ningependa kumsikia mtu humu anayeweza kumtetea kwa hoja.